Mkondo wa maji kwenye tangi la mimea: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Ukiingia duka la samaki wa mapambo Kariakoo ukasema una tangi la mimea, muuzaji atanyoosha mkono kwenye boksi kubwa kuliko yote. "Kaka, chukua hii, lita elfu mbili kwa saa, hii ni kiboko." Boksi linavutia kweli, lina picha ya samaki wa baharini ambao wewe hata huna. Kabla hujatoa hela, muulize: hayo maji yatatokea wapi, yataelekea wapi, na yatarudi kwa njia gani? Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Mimi boksi la namna hiyo nililinunua. Tangi langu lina urefu wa sentimita 90, upana 45 na kina 45. Baada ya wiki tatu, mimea ya upande wa kulia ilikuwa imelala kama mpunga uliopigwa na upepo, na samaki wamejibanza nyuma ya gogo wasitoke hata wakati wa kula. Upande wa kushoto, hata mita moja haifiki kutoka hapo, mwani mweusi wa ndevu ulikuwa unaota kwenye kingo za majani ya Anubias. Tangi moja, pampu moja, huku kimbunga huku dimbwi. Duka lilikuwa limeniuzia lita. Mimea ilikuwa inataka njia ya maji.

Kwa hiyo mpangilio ninaoutoa hapa haufuati ukubwa wa namba kwenye boksi. Nimepanga nikimfikiria mtu mwenye tangi la maji baridi la sentimita 60 hadi 120, anayeishi kwenye joto la pwani au miji kama Morogoro na Mwanza, ambaye umeme unamkatikia mara kwa mara, na ambaye hewa ukaa ya mimea yake ama haongezi kabisa ama anatengeneza kwa chupa ya hamira na sukari. Mwenye mtungi wa gesi na koki ya kisasa naye atapata lake humu. Bei sitaziandika: karibu vitu vyote hivi vinatoka nje, shilingi ikitikisika navyo vinatikisika, na nikiandika leo utakuja kunidai kesho.

Mmea unatafuta nini kwenye mkondo

Jani la mmea wa majini limevikwa utando mwembamba wa maji yaliyotulia. Chochote jani linachotaka kula, hewa ukaa, naitreti, potasiamu, lazima kipenye utando huo chenyewe polepole. Na ndani ya maji hewa ukaa husafiri polepole mno, takriban mara 10,000 kuliko inavyosafiri hewani. Mkondo unapopita juu ya jani unaupunguza utando huo, na chakula kinafika. Basi. Huhitaji mawimbi, unahitaji majani yawe yanacheza kidogo kila kona ya tangi, kama pazia jembamba dirisha likiwa wazi.

Kazi ya pili ni oksijeni, na hii huku kwetu ina uzito kuliko wanavyoeleza watu wa nchi za baridi. Maji ya nyuzi joto 25 yaliyoshiba hewa yanabeba kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabaki na kama 7.5. Tangi la Dar mwezi wa pili linafika 30 bila hita yoyote. Ongeza kwamba usiku mimea nayo inavuta oksijeni kama samaki, na utaelewa kwa nini samaki wengine wanakutwa alfajiri wanahema juu ya maji. Uso wa maji ukitikisika, oksijeni inaingia. Ukitulia na kufunikwa na ule utando wa mafuta mafuta, haiingii.

Ya tatu ni kona mfu. Mahali ambapo uchafu unatua na maji hayapiti ndipo unapoanzia ule utando wa kijani kibichi unaonuka, unaobanduka kama ngozi. Watu wengi wanautibu kwa dawa, wanaacha kona vilevile, unarudi.

Hesabu kabla ya kwenda dukani

Zidisha urefu kwa upana kwa kina, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 1000. Tangi langu linatoa lita 182. Ondoa changarawe, mawe, gogo, na nafasi ya juu ambayo hujaijaza. Lililobaki ni kama 150. Hizo ndizo lita za kupigia hesabu.

Wafugaji wengi wanatumia kanuni ya kuzungusha maji yote mara 5 hadi 10 kwa saa, kwa namba iliyoandikwa kwenye pampu. Mimi nasema hivi: kama huongezi hewa ukaa, mara 4 hadi 6 zinatosha. Kama una mtungi wa gesi na taa kali, sogea kwenye 10, kwa sababu mmea unaokimbizwa na taa unakula haraka na gesi inapaswa kufika kila pembe. Kwa lita zangu 150, hiyo ni kati ya 600 na 1500.

Namba ya kwenye boksi imepimwa pampu ikiwa tupu, haina sponji, haina mpira mrefu, haipandishi maji. Ukishaijaza sponji na vigae vyake na kuiunganisha na mipira ya mita moja na nusu, usishangae kupoteza theluthi moja au hata nusu. Ukitaka ukweli, elekeza mpira wa kutolea kwenye ndoo ya lita 10 na uhesabu sekunde, huku mtu mwingine akirudishia maji tangini. Ndoo ikijaa kwa sekunde 36, una lita 1000 kwa saa. Ikijaa kwa sekunde 60, una 600. Yangu ya sasa, iliyoandikwa 1000, ilijaza ndoo kwa sekunde 58, na mimea haikulalamika.

Namba nyingine ambayo boksi haliitangazi ni upana wa mdomo. Lita 600 kwa saa zikitoka kwenye mdomo wa milimita 12 zinatoka kwa kasi ya karibu mita moja na nusu kwa sekunde. Hiyo inafukua changarawe. Lita zilezile zikitoka kwenye mdomo wa milimita 40 hazifikii sentimita 14 kwa sekunde. Maji ni yaleyale, bili ya umeme ni ileile. Ndiyo maana nasema ununue mdomo kwanza.

Nafasi ya 1: Filta ya nje ya kopo, yenye wati chache, na bomba la matundu

Hii ni ile filta ya kopo inayokaa chini ya tangi, kabatini. Maji yanashuka kwa mpira mmoja, yanapita kwenye sponji, yanasukumwa juu kwa mpira mwingine. Naiweka ya kwanza kwa sababu moja kubwa: inakuachia uhuru wa kuchagua maji yanyonywe wapi na yamwagwe wapi, na kwa mdomo wa aina gani. Filta nyingine zote zinakuamulia.

Eheim za Kijerumani, zile za mfululizo wa Classic, ndizo mfano mzuri wa ninachokisema. Classic 250 imeandikwa lita 440 kwa saa na inakula wati 8. Classic 350 ni lita 620, wati 15. Classic 600 ni lita 1000, wati 20. Ni namba ndogo ukizilinganisha na wenzake, hazina madoido, na hazijabadilika sura kwa miaka mingi, jambo linalosaidia sana siku unapotafuta oringi, ule mpira wa duara unaozuia kopo lisivuje. Tatizo ni upatikanaji. Huku kwetu utakutana nayo kwa mtu aliyeagiza au anayehama nchi.

Kinachopatikana kirahisi ni SunSun ya Kichina. HW-302 ni lita 1000 kwa saa kwa wati 18. HW-303B inapanda hadi 1400 kwa wati 35 na inakuja na taa ya UV ya wati 9. HW-304B ni lita 2000 kwa wati 55. Angalia hizo wati vizuri: kutoka ya kwanza hadi ya pili umeongeza maji kwa asilimia 40, lakini umeme umekaribia mara mbili. Kwa tangi la hadi sentimita 90, chukua 302 na uridhike. Taa ya UV inasaidia maji yakigeuka kijani kama juisi ya ukwaju mbichi, lakini mwani unaoshika kwenye majani na vioo haiugusi, kwa hiyo isikupandishe daraja.

Sasa mdomo. Filta nyingi za kopo zinakuja na bomba fupi lenye matundu, na mara nyingi ni fupi mno, la sentimita 20 au 30. Wapenzi wa mtindo wa Takashi Amano, yule Mjapani aliyeanzisha Aqua Design Amano mwaka 1982, watataka mdomo wa kioo wenye umbo la ua la yungiyungi. Unapendeza, unasambaza maji kwa upole, na unavunjika siku ya kwanza ya kuusafisha. Nimeshavunja mmoja, sitanunua wa pili.

Tengeneza bomba lako. Nenda duka la vifaa vya mabomba ukiwa na kipande cha mpira wako mkononi, nunua bomba la PVC linaloingia humo kwa kubana, elbo moja na kifuniko cha mwisho. Likate lifikie karibu urefu wote wa tangi. Kisha matundu: hapa watu wanaharibu kwa kutoboa mengi wakidhani ndiyo ukarimu. Jumla ya uwazi wa matundu isizidi uwazi wa bomba lenyewe. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 16 linalingana sawasawa na matundu 16 ya milimita 4. Ukizidisha, maji yatatoka kwa uchovu, tundu hili likitoa sana na lile likichuruzika. Ukipunguza sana, unaibana pampu. Anza na matundu 14 kwa drili, jaribu, ongeza. Msumari wa moto nao unatoboa, ila matundu hayalingani na moshi wake si wa kuuvuta.

Lilaze ukutani kwa nyuma, chini kidogo ya uso wa maji, matundu yakitazama kioo cha mbele. Maji yanakwenda mbele, yanagonga kioo, yanashuka, yanarudi nyuma yakipita juu ya changarawe, yanapanda tena. Tangi zima linageuka kama pipa linaloviringika taratibu. Kama unaongeza hewa ukaa, weka kifaa chake cha kutolea mapovu chini ya bomba hilo, mapovu yapate lifti ya kuelekea mbele. Mwani wangu wa ndevu uliacha kuenea ndani ya mwezi mmoja tangu nilipofanya hivi, na pampu niliyotumia ilikuwa nusu ya ile ya mwanzo.

Ubaya wa filta ya kopo ni umeme ukikatika. Bakteria waliomo, wale wanaokusafishia maji, wamefungiwa kwenye chombo kisichopitisha hewa. Oksijeni inawaishia ndani ya saa chache, wanaanza kufa na maji yanaoza. Umeme ukirudi, maji hayo yote yanasukumwa kwa samaki. Ukikatika kwa nusu saa, usijali. Ukikatika mchana kutwa, chomoa plagi, na kabla hujaiwasha tena fungua kopo, mwaga maji ya ndani kwenye ndoo ya bustani, suuza sponji kwa maji ya tangi (ya bomba yana klorini), ndipo uwashe. Umeme ukirudi saa tisa usiku wewe umelala, hilo ndilo tatizo halisi, na ndilo linalonipeleka kwenye namba mbili.

Nafasi ya 2: Sponji ya pampu ya hewa ikisaidiwa na pampu ndogo ya mkondo

Najua wataalamu watanicheka. Filta ya sponji inaonekana kama kitu cha mtoto wa shule, na ile pampu ya hewa inanguruma kama nyuki kwenye kopo. Lakini tazama inavyofanya kazi: hewa inapanda, inavuta maji kupitia sponji, uso wa maji unachemka. Umeme ukikatika, sponji iko ndani ya tangi lenyewe, bakteria wanaendelea kupata oksijeni inayobaki. Ukiwa na pampu ya hewa ya betri, au ile inayochajiwa na kujiwasha yenyewe umeme ukienda, samaki wako hawatajua kwamba mtaa mzima uko gizani.

Peke yake haitoshi kwa tangi la mimea linalozidi sentimita 60, kwa sababu maji inayosogeza yanapanda juu na kuishia hapohapo. Ndipo unapoongeza pampu ndogo ya mkondo, ile yenye mdomo mpana na kifeni kinachoonekana, inayoshikiliwa kwenye kioo kwa sumaku au vinyonyeo. Pampu hizi ziliundwa kwa matangi ya bahari yenye matumbawe, kwa hiyo nyingi ni kali mno kwetu. Tafuta ndogo kuliko zote kwenye orodha yake, ikiwezekana yenye kitufe cha kupunguza nguvu. Usiogope ukiona lita nyingi kuliko filta ya kopo. Mdomo mpana unazilainisha. Ogopa tu ukiona maelfu. Kama ni ya sumaku, pima unene wa kioo chako kwanza, sumaku dhaifu kwenye kioo kinene itadondoka usiku na kufukua bustani yako yote.

Iweke pembeni juu, ikitazama urefu wa tangi, isielekezwe kwenye mmea wowote kwa karibu. Na funika mdomo wa kuvutia kwa kipande cha sponji kama una vifaranga vya samaki au uduvi.

Kwa mwenye mtungi wa gesi mpangilio huu haufai sana. Mapovu yanayochemsha uso wa maji yanafukuza hewa ukaa uliyoilipia. Kwa asiyeongeza gesi, hilohilo ni faida: kubadilishana hewa na chumba kunazuia hewa ukaa isiishe kabisa mchana mimea ikila.

Nafasi ya 3: Filta ya kuning'inia nyuma

Inakaa kwenye ukingo wa tangi, inavuta maji kwa bomba na kuyamwaga kama maporomoko madogo. Kwa tangi la sentimita 45 hadi 60 ni nzuri, ni rahisi kusafisha, na haina mpira wa kuvuja. Inashuka hadi nafasi ya tatu kwa sababu mbili. Maji yanaporomoka sehemu moja, yanatikisa uso na kuishia katikati. Chini, nyuma ya mawe, hakufiki kitu. Ukijaza tangi hadi maji yakutane na mdomo wake, hali inakuwa bora kidogo. Sababu ya pili ni umeme tena. Kwenye baadhi ya miundo, pampu ikizimika maji yanarudi tangini na kuacha chumba cha pampu kikavu. Umeme ukirudi, inazunguka bila maji, inapiga kelele hadi inaungua. Dukani mwambie muuzaji aiwashe ikiwa na maji, aizime kwa dakika tano, aiwashe tena. Ikishindwa kuvuta yenyewe, mrudishie.

Tangi la mita moja na zaidi? Utahitaji mbili, moja kila upande, na kwa fedha hiyo ungekuwa umeshanunua kopo.

Nafasi ya 4: Filta ya ndani

Ile ya mche wa plastiki unaozama, sponji chini, pampu juu. Iko kila duka kuanzia Mwenge hadi Mombasa, ni nafuu, na ndiyo wengi tuliyoanzia. Mdomo wake mwembamba unapiga kama bunduki ya maji, inakula nafasi ndani ya tangi, na mota iko majini, kwa hiyo joto lake linabaki majini. Pia haifichiki, unajenga mandhari nzuri ya mawe na majani, halafu katikati kuna kitu kama tochi.

Ikiwa ndiyo uliyonayo, usiitupe. Igeuze mdomo uelekee kioo ili maji yagonge na kutawanyika, au uchomeke kipande cha bomba la matundu kama nilivyoeleza juu. Kile kimpira kinachovuta hewa kiachie wazi kama huongezi gesi, kizibe kama unaongeza.

Ya kuachana nayo

Filta ya chini ya changarawe, yale masahani yenye matundu yanayolazwa sakafuni. Mizizi inaingia humo, inaziba, na siku unapong'oa mmea mmoja unainua uchafu wa mwaka mzima. Vilevile yale mabomba ya bei nafuu yanayojiita tatu kwa moja, yanachuja, yanapandisha maji, yanatoa mapovu, na hayafanyi hata moja vizuri. Rahisi ghali.

Umeme: zidisha wati kwa 0.72

Pampu inafanya kazi saa 24, siku 30. Wati ukizizidisha kwa 0.72 unapata uniti za mwezi. Wati 8 ni uniti 5.8. Wati 18 ni karibu 13. Wati 35 ni 25, na wati 55 ni karibu 40. Kwa aliye kwenye kundi la matumizi madogo la LUKU, lile lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, pampu ya wati 55 peke yake inakula zaidi ya nusu ya kikomo hicho kabla hujawasha hata balbu. Wenzetu wa Nairobi wanaonunua tokeni watapiga hesabu ileile.

Halafu soma kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230 kwa hezi 50. Mzigo ulioletwa na ndugu kutoka Marekani ni wa volti 110 au 120, hezi 60, na kuuchomeka moja kwa moja ni kuuaga. Hata ukiweka transfoma, pampu nyingi za kawaida zinazunguka kwa kufuata hezi, kwa hiyo itakwenda polepole kuliko ilivyoandikwa. Za China za volti 220 hazina shida zaidi ya plagi. Badilisha iwe ya pini tatu kama zetu, usilazimishe kwa vijiti vya kiberiti kwenye soketi. Na waya uache uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla haujapanda kuingia, ili tone likitiririka lidondoke sakafuni.

Samaki nao wana kauli

Kabla ya kuchagua, tazama unafuga nini. Nothobranchius guentheri, kile kisamaki chekundu chenye asili ya Unguja, ni mzaliwa wa madimbwi ya msimu, mayai yake yanasubiri mvua kwenye tope. Kumweka kwenye mkondo ni kumtesa. Mpe sponji peke yake, inatosha. Beta na gapi wa mikia mirefu hali kadhalika. Tetra wa Kongo anapenda kuogelea kwenye maji yanayokwenda, na ukimpa tangi refu lenye mkondo wa pembeni rangi zake zinatoka.

Mimea nayo ina makabila. Bolbitis heudelotii, jimbi la majini la Afrika Magharibi na Kati, linaota limeng'ang'ania miamba kwenye vijito. Liweke mahali mkondo ni mzuri kuliko pote tangini, hapo ndipo linatoa majani ya kijani cha chupa. Vallisneria, nyasi ndefu ambazo hata Ziwa Tanganyika zimo, zinavumilia mkondo lakini majani yake yatakuonyesha bila huruma maji yanaelekea wapi: yote yakilala upande mmoja, umezidisha. Mimea yenye shina laini iliyopandwa jana itang'oka. Punguza nguvu kwa wiki mbili hadi mizizi ishike.

Ukinunua kilichotumika

Watu wanahama, wanachoka, wanauza. Filta iliyotumika inaweza kuwa mali, ila ifungue. Toa kifeni: kile kijiti cha kauri katikati kisiwe na ufa, sumaku isiwe imevimba au kuota kutu. Oringi ikiwa ngumu kama plastiki, itavuja. Uliza kwanza kama nyingine inapatikana kabla ya kupatana bei. Bana kufuli zote, zikiwa zimelegea achana nayo. Ukoko mweupe wa chumvi ya visima usikutishe, huo unatoka kwa kulowekwa kwenye siki usiku kucha, sawa na birika la chai. Mipira iliyokakamaa badilisha tu.

Kisha omba ijaribiwe na maji, pale pale, angalau robo saa. Muuzaji akisema "nilikuwa naitumia jana tu" na hataki kuleta ndoo, umeshapata jibu.

Ukifika nyumbani na chochote ulichonunua, funga, washa, na usikae mbele ya tangi mara moja. Rudi baada ya saa moja, dondosha chakula kidogo kilichosagwa kwenye mdomo wa maji, na ukifuate kwa macho. Kikizunguka na kurudi karibu kilipoanzia, acha kila kitu kama kilivyo. Kikitua kwenye kona fulani na kubaki, geuza mdomo nyuzi chache kuelekea huko, subiri, dondosha tena. Mimi ilinichukua jioni tatu, na kona ya mwisho ilikuwa nyuma ya gogo, mahali ambapo hakuna pampu ya bei yoyote ingefika. Nililisogeza gogo sentimita nne.